Alichosema Beki wa Kulia

Thornton Heath,
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Kwa nyanya wa mchezaji namba tisa,

Hatujuani. Mimi ni mama yake Tatiana, beki wa kulia wa timu ya chuo iliyokuja kucheza kwenu Southall jana. Nilikuona kando ya uwanja, umejitanda shali juu ya koti, ukipiga kelele, "Wacheni mtoto! Wacheni!" Nilishangaa kusikia Kiswahili pale. Nikamuuliza Wanjohi, anayeendesha basi la chuo chenu, maana tunasali naye kanisa moja. Akaniambia wewe ni mzaliwa wa Kisumu. Ndiyo sababu nakuandikia kwa lugha hii, na yeye ndiye nimempa barua akuletee.

Mjukuu wako alimtemea mwanangu mate usoni.

Mimi ni muuguzi. Nimetapikiwa, nimekojolewa, nimeshika kwa mikono yangu vitu ambavyo siwezi kuvitaja kwenye barua. Sijawahi kumchukia mgonjwa kwa hayo, kwa sababu mgonjwa hakupanga. Mjukuu wako ana afya na akili zake. Alimwangalia mtoto wangu machoni, akavuta mate kutoka kooni, akatema. Refa akampa kadi nyekundu na sisi tukashinda, lakini ndani ya gari ilibidi nimfute Tatiana kope kwa kitambaa chenye maji, kama mtoto mchanga.

Chuo chetu kimepeleka malalamiko kwa wasimamizi wa ligi. Hayo ni ya chuo. Mimi kama mzazi nataka mjukuu wako aombe radhi, na nataka kujua mnawafundisha nini watoto huko nyumbani kwenu.

Jennifer, Mama Tatiana


Southall,
20 Novemba 2024

Mama Tatiana,

Barua nimepata. Kiswahili changu ni cha dukani. Baba yangu aliuza misumari na rangi pale Kisumu, na mimi nilikaa nyuma ya kaunta mpaka tukahamia huku. Kwa hivyo usinicheke.

Poonam alitema mate, ni kweli. Nimeona kwa macho yangu. Tulipofika nyumbani nilimwambia hicho ni kitu kichafu na mama yake angeona aibu. Sikumtetea, nataka ujue hivyo.

Mama yake alifariki mwezi wa nane. Alikuwa mke wa mwanangu, lakini kwangu alikuwa binti. Tangu siku hiyo Poonam hatoki kitandani ila kwa sababu ya mpira. Sasa hata mpira hautaki. Nikimuuliza kwa nini alitema, anakwenda kuoga. Anakaa bafuni mpaka maji ya moto yanaisha.

Lakini mimi nilisimama karibu na kona, na wasichana wenu nimewaona. Mpira uko kule mbali, wao wako hapa sikioni kwake. Anakuja mmoja anasema kitu, anaondoka akicheka. Anakuja mwingine. Mwisho alikuja wako. Wako alifanya hivi na pua yake, kama mtu ananusa chakula jikoni. Halafu akasema. Masikio yangu ni mabovu, sikusikia.

Kabla hujaniuliza tunafundisha nini, muulize mtoto wako alisema nini.

Usipige simu. Mwanangu ndiye anapokea, na ana hasira, atakutukana. Andika. Kwa nyumba hii Kiswahili nasoma mimi tu.

Damyanti


Thornton Heath,
27 Novemba 2024

Mama Damyanti,

Pole kwa msiba. Sikujua, na ningejua ningeanza kwa hilo.

Nimemuuliza Tatiana. Nilimkalisha jikoni nikazima televisheni. Alinijibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, kwamba yalikuwa maneno ya uwanjani tu, ya kutaniana, na kila timu hufanya hivyo. Nikamuuliza maneno gani. Akasema hakumbuki. Sijamlea mwanangu kusema uongo, na sina sababu ya kumshuku leo.

Nilizungumza pia na kocha wao, Tom. Ni mtu mpole, hapazi sauti hata timu ikifungwa. Aliniambia huyo namba tisa wenu anajulikana ligi nzima kwa hasira zake, na wao walikuwa wameonywa kabla ya mechi. Baba Tatiana naye, Solomon, anasema niache kuandikiana na watu wanaotafuta visingizio.

Jana tumepata habari kwamba mjukuu wako amefungiwa hadi mwisho wa msimu. Nasema kweli, naona ni haki. Mimi pia nimezika. Sikumtemea mtu.

Jennifer


Southall,
2 Desemba 2024

Mama Tatiana,

Umeuliza mtoto, mtoto amejibu, wewe umeridhika. Sawa.

Njumu zake Poonam amempa binamu yake. Timu yetu bila yeye inafungwa kila Jumatano. Yenu nasikia inashinda tu. Hongera.

Usiandike tena.

Damyanti


Thornton Heath,
3 Februari 2025

Mama Damyanti,

Uliniambia nisiandike. Nimemwomba Wanjohi akupe barua hii mkononi na aondoke, ili ukitaka kuitupa uitupe bila mtu kukuangalia.

Wiki iliyopita tulishinda robo fainali. Jumamosi mchana wazazi na wasichana tukaenda kula pamoja, mkahawa mmoja Croydon, ghorofani, reli ya tramu iko chini ya dirisha. Nilikuwa nimeshika sahani ya keki nawagawia watu. Wasichana wakaanza kuigiza mechi za msimu, nani alianguka vipi, refa gani alikimbia kama bata. Watu wanacheka, na mimi nacheka.

Kisha mmoja akasema, "Tufanyeni ile ya Southall!"

Wakamweka msichana katikati, wamemfunga kitambaa cha meza kichwani kiwe nywele ndefu. Huyo ndiye Poonam. Wakaanza kumpitia mmoja mmoja. Wa kwanza akamwambia, "Nani anakufulia jezi siku hizi?" Wa pili, "Leo mama amekuja kukuona? Mbona simwoni?" Kila mmoja na lake, na meza nzima inapiga makofi. Halafu wakaita, "Tati! Tati! Njoo umalize!"

Mwanangu akainuka. Akamsogelea yule msichana, akainua pua juu, akanusa mara mbili. Akasema, "Nasikia harufu ya kitu kimeungua. Ni mama yako?"

Mama Damyanti, nimeandika maneno hayo kwa sababu nimeona kama nikiyaficha nitakuwa nimeyasema mimi.

Solomon alicheka mpaka akafuta machozi. Tom alikuwa anatabasamu kwenye kiti chake. Nilimwendea, sahani bado iko mkononi.

"Nani aliwaambia kwamba mama yake amekufa?"

"Jennifer, kila timu huchunguza wapinzani wake."

"Nimekuuliza nani."

"Mimi," akasema, kwa sauti ileile ya upole. "Niliwaambia ni mchezaji mzuri kuliko wao wote, na mahali pa kumgusa ni hapo. Hawakumpiga teke hata moja. Huo ni mpira wa akili."

Nilikwenda chooni nikatapika. Miaka yote niliyofanya kazi wodini sijawahi kutapika.

Ndani ya gari Solomon akasema watoto ni watoto. Nikageuka nyuma nikamuuliza Tatiana kama ndiyo maneno ambayo hakuyakumbuka. Akatoa kifaa kimoja cha muziki sikioni, akasema, "Tulishinda, ama hatukushinda?"

Nilikuuliza mnawafundisha nini watoto nyumbani kwenu. Sina uso wa kukuomba radhi kwa swali hilo. Niambie tu unataka nifanye nini.

Jennifer


Southall,
9 Februari 2025

Mama Tatiana,

Nimesoma mara moja. Sitasoma tena.

Wewe ni Mkristo, labda hujui. Sisi tunachoma maiti wetu. Huku London hakuna kuni na mto. Kuna chumba, kuna jeneza, kuna kitufe ukutani cha kuwasha moto. Kazi ya kubonyeza ni ya mtoto wa kiume. Mwanangu hana mtoto wa kiume, ana Poonam. Baba yake alimwambia, kama huwezi nitafanya mimi. Poonam alisema ataweza. Akabonyeza kwa kidole chake. Halafu alinishika mkono na kidole hicho kilikuwa baridi sana.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja mtoto wako alinusa.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda kuosha mikono kwa sabuni. Nilikuwa nimeshika karatasi tu, lakini niliosha mpaka hapa kwenye kiwiko. Usiku ule sikula. Nimewahi kuona watu wabaya, mama. Nimeona watu wametutupia mawe hapa hapa Southall tukiwa wapya. Wale walikuwa wageni kwetu na walitupa kwa mbali. Huyu alikuja karibu, akatulia, akachagua.

Na huyo mwalimu wenu na sauti yake ya upole, huyo ndiye mchafu kuliko wote.

Pole yako sitaki. Nimepewa pole nyingi, nyumba imejaa. Unauliza nataka nini. Nenda kwa wale waliomfungia Poonam, uyaseme maneno yote kama ulivyoniandikia. Useme na jina la mtoto wako. Kama huwezi, basi usinisumbue.

Damyanti


Thornton Heath,
12 Machi 2025

Mama Damyanti,

Nimekwenda.

Kikao kilikuwa jana Croydon, kwenye jengo la ofisi, chumba chenye mazulia ya kijivu na birika la chai ambayo hakuna aliyeinywa. Walikuwa watatu wa ligi. Tom alikaa na mkuu wa michezo wa chuo, na Tatiana kati yao, maana alikuwa ameitwa. Solomon alikataa kuja. Alisema mama anayemshtaki mwanawe hajazaliwa bado, labda mimi ndiye wa kwanza.

Mwenyekiti akaniuliza, kwa heshima, kama naweza kueleza kwa jumla. Nikasema hapana, nitasema neno kwa neno. Nikasema la jezi. Nikasema la mama hayupo uwanjani. Nikafika kwa lile la mwisho, nikasema, "Hili alisema binti yangu, Tatiana, na kabla ya kusema alinusa." Kulikuwa na mwanamke anayeandika kila kitu kwenye kompyuta. Aliacha kuandika. Mwenyekiti akamuuliza Tatiana kama ni kweli. Alikuwa anaangalia kucha zake. Akasema ndiyo.

Kifungo cha Poonam kimeondolewa. Watawaletea barua rasmi. Sasa sikia mengine. Tom amepewa onyo na kozi ya siku moja ya maadili. Siku moja! Mkuu wa michezo akanishukuru kwa ujasiri wangu, akanishika bega, kisha nikamsikia kwenye ngazi akimwambia Tom, "Basi hilo limepita." Timu inaendelea. Nusu fainali ni wiki ijayo, na wazazi wenzangu wamenitoa kwenye kundi lao la simu.

Hayo yote nayaweza. Nisichoweza ni nyumbani. Tatiana akikaa mezani naangalia pua yake. Ni pua ya mama yangu, tangu azaliwe watu husema hivyo. Nikiiona inavuta hewa juu ya sahani ya chakula nilichopika, naondoka mezani. Ni mwanangu wa pekee na ananitia kinyaa. Sijui nimwambie nani neno kama hilo isipokuwa wewe, ambaye huna sababu ya kunihurumia.

Jennifer


Southall,
17 Machi 2025

Mama Tatiana,

Barua rasmi imefika. Poonam ameisoma amesimama, akaiweka juu ya friji. Kurudi kucheza hataki. Anasema nguo za timu zinanuka. Nimezifua mara nyingi, hazinuki.

Wewe ulisema utakwenda, ukaenda. Hilo nimeliona.

Mume wako ni mpumbavu, samahani.

Damyanti


Thornton Heath,
7 Aprili 2025

Mama Damyanti,

Fainali ilikuwa Jumatano. Wameshinda kombe. Najua hutaki kusikia, lakini bora usikie kwangu.

Nilikwenda, sijui kwa nini. Nilisimama peke yangu nyuma ya lango, mbali na wazazi wengine. Tatiana hakucheza hata dakika moja. Alikaa benchi na koti limefungwa mpaka kidevuni. Nilijua ni kwa sababu yangu, Tom anamlipizia kinywa cha mama yake, na ukweli ni kwamba sikumwonea huruma. Nilisema moyoni, kaa hapo.

Walipopiga picha na kombe alisimama pembeni. Medali hakuivaa, aliishika ngumini.

Nyumbani Solomon akanijia juu. "Umefurahi? Msimu mzima mtoto amecheza, siku ya kombe ananyimwa kwa ajili yako!" Tatiana yuko mlangoni anasikiliza. Badala ya kumjibu Solomon nikamgeukia yeye. Nikasema, "Sitaki kukuona mezani kwangu. Ukiwa hapa nyumba inanuka."

Ndivyo nilivyosema. Neno lenyewe lilitoka kabla sijalipima, na nilipolisikia nikajua nimelitoa wapi.

Alifungua kinywa kama anayetaka kuniambia kitu, akakifunga. Solomon amempeleka kwa shangazi yake Luton siku hiyo hiyo. Mlango ulipofungwa nilipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Februari, halafu nikaona aibu ya pumzi yenyewe. Nimekuwa namchukia Tom kwa kutumia maumivu ya mtoto wa watu. Na mimi nimemfanya nini wangu?

Sina la kuomba. Msalimie Poonam, kama jina langu linaweza kutajwa.

Jennifer


Southall,
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mama Tatiana,

Naandika haraka, utaona kwa nini.

Leo baada ya chakula cha mchana kengele imelia. Nimefungua, ni msichana na begi mgongoni. Nimemjua kwa pua. Alisema kwa Kiswahili, kibovu kuliko changu, "Shikamoo. Mimi ni Tatiana. Nimekuja kwa Poonam." Ametoka Luton peke yake kwa treni, Wanjohi amempa anwani. Alisema wewe hujui.

Nilitaka kumfungia mlango. Lakini Poonam alikuwa nyuma yangu tayari, akasema, "Aingie."

Sebuleni kuna picha ya mama yake, na ua la manjano la marigodi nabadilisha kila asubuhi. Mtoto wako aliiona, akabaki amesimama. Alianza kuomba radhi kwa Kiingereza, maneno mengi mazuri. Poonam akamkatiza maneno.

"Sema tena yale."

"Siwezi."

"Siku ile uliweza. Sema, mbele ya nyanya yangu. Yeye hakusikia."

Mtoto wako alilia mpaka kamasi zinatoka. Poonam hakusogea. Mwisho Tatiana aliyasema, bila kunusa, anaangalia zulia. Na mimi niliyasikia kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza.

Halafu akasema jambo ambalo wewe hulijui. Siku ya fainali, kwenye chumba cha kubadilisha nguo, huyo Tom aliwapa lingine. Kipa wa wale wengine ana kaka yake jela. Akawaambia wasichana wapange nani aseme nini, na Tatiana amalize, kwa sababu yeye anajua kumaliza. Tatiana akasema hapana. Tom akamwuliza kama ana hakika. Akasema hapana tena, mbele ya wote. Ndiyo akakaa benchi. Si kwa sababu yako, mama. Kwa sababu yake mwenyewe. Nilimuuliza mbona hakukuambia. Alisema alitaka, lakini ulikuwa umemwambia nyumba inanuka, na aliona ni kweli.

Poonam alisikiliza yote. Hakusema amesamehe. Alipanda juu, nikafikiri amekwenda kuoga. Akashuka na mpira. Tangu Novemba sijaona mpira kwa mikono yake.

Akamwambia, "Twende nje. Wewe simama golini."

Mbele ya nyumba yetu kuna uwanja wa wazi wenye magoli mawili ya chuma bila nyavu. Nawaona kutoka dirishani sasa hivi ninavyoandika. Mvua inanyesha kidogo. Poonam amevaa raba za kawaida. Anapiga kwa nguvu zake zote, na halengi goli, mama, anamlenga yeye. Mpira umempiga tumboni, umempiga paja, mmoja umempiga sikioni akaanguka. Nilishika kitasa nitoke nikamwite Poonam. Tatiana akainuka, akajifuta matope, akarudi katikati ya goli akasimama. Hainui mikono kujikinga. Poonam anampigia kelele kitu, siwezi kusikia, lakini naona mdomo wake wazi, na huyu mtoto wangu hajafungua mdomo hivyo tangu mazishi.

Mimi bado nina kinyaa naye. Huenda nitakuwa nacho mpaka nife, mimi ni mzee, sibadiliki haraka. Nimeweka chai jikoni hata hivyo, vikombe vitatu, kwa sababu wataingia wameloa.

Sasa hivi Poonam amepiga moja pembeni kabisa, chini, karibu na mlingoti. Tatiana ameruka kuufuata na hakuufikia. Wote wawili wanautazama unavyokwenda mbali kwenye nyasi. Mtoto wako ndiye anakimbia kuuleta.

Barua hii nampa yeye mwenyewe. Nimemwambia asirudi Luton, aje kwako. Atafika jioni, amechafuka, na ana alama mwilini. Usimuulize kwanza.

Mfungulie mlango.

Damyanti